Lord Denning: Jaji wa Kesi ya Daraja la Nyali na Mtetezi wa Haki ya Mgonjwa

Ni desturi ya kitabu hiki cha harambee kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki ambaye kazi yake iligusa kwetu. Mwaka huu tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa upande huu wa mkono wa bahari, wala hakuwa wa kabila lolote la pwani. Ni Mwingereza, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa wakili na kisha jaji kwa miaka 38. Jina lake ni Alfred Thompson Denning, na dunia ilimjua kama Lord Denning.

Sababu za kumchagua ni mbili. Ya kwanza ni daraja letu. Hukumu aliyoitoa London mwaka 1955 kuhusu ada ya kuvuka daraja la Nyali bado inasomwa na wanafunzi wa sheria Afrika, Asia na visiwa vya Karibi. Ya pili inamhusu kila mwenye mgonjwa. Mtu akiingia hospitali na maradhi madogo akatoka na kilema, au akigongwa na gari akiwa kando ya barabara, ni nani abebe gharama? Majibu mengi yanayotolewa na mahakama zetu hadi leo yana alama ya mkono wa mtu huyu.

MTOTO WA DUKA LA VITAMBAA

Denning alizaliwa tarehe 23 Januari 1899 katika mji mdogo wa Whitchurch, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake aliuza vitambaa na nguo, na familia iliishi juu ya duka. Mama yake aliwahi kuwa mwalimu. Watoto walikuwa sita, wavulana watano na msichana mmoja, na nyumbani huyu aliitwa Tom.

Haikuwa familia ya kutajwa na wakubwa, na fedha za kusomesha watoto chuo kikuu hazikuwapo. Tom alisoma shule ya Andover, mji wa jirani, na akapata nafasi katika chuo cha Magdalen, Oxford, mwaka 1916 kusomea hesabu. Alifika huko kwa misaada ya masomo. Bila hiyo angebaki nyuma ya kaunta akipima vitambaa, na pengine asingetajwa na mtu yeyote nje ya Whitchurch.

Vita Kuu ya Kwanza haikuiacha nyumba hiyo salama. Kaka yake mmoja aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1916, na mwingine, aliyekuwa mwanamaji, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1918. Tom mwenyewe alipelekwa Ufaransa mwaka huo wa 1918 akiwa katika kikosi cha wahandisi wa jeshi. Kazi yao ilikuwa kujenga madaraja ili askari wa miguu wavuke mito. Lile walilojenga juu ya mto Ancre lilipigwa bomu na ndege ya Wajerumani mara tu lilipokamilika, wakalazimika kulijenga upya.

Alirudi Oxford, akamaliza hesabu kwa daraja la kwanza mwaka 1920, kisha akafundisha somo hilo mwaka mmoja katika shule ya Winchester. Katika mji huo alipata kuingia mahakamani kusikiliza kesi, na hapo moyo wake ukahama kutoka kwenye ubao wa chaki. Akarudi chuoni, akasoma sheria kwa muda mfupi sana na kufaulu kwa daraja la kwanza mwaka 1922. Mwaka 1923 alikubaliwa kuwa wakili kupitia Lincoln's Inn, kimojawapo cha vyama vya kale vya mawakili wa London.

WAKILI WA MBELE YA JAJI

Inafaa kueleza kidogo hapa, kwa sababu kule mawakili ni wa aina mbili. Wa kwanza hukaa na mteja ofisini, huandika barua, hukusanya ushahidi na kuandaa hati. Wa pili huitwa pale shauri linapofika mahakamani. Yeye ndiye husimama mbele ya jaji, huhoji mashahidi na kujenga hoja. Denning alikuwa wa aina hii ya pili. Desturi ya wakili wa namna hiyo ni kutochagua mteja. Kesi ikija, ikiwa ni ya fani yake na yuko huru, anaipokea, awe anampenda mteja au hampendi.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya kusubiri. Alipata kesi ndogo ndogo, zikiwemo za makampuni ya reli. Muda wa ziada aliutumia kushiriki kuhariri vitabu vikubwa vya mawakili, na huko akajifunza hukumu za zamani mpaka zikamkaa kichwani.

Kesi iliyomtambulisha zaidi akiwa wakili ni ya mwaka 1934. Mwanamke mmoja mwenye mkahawa huko Wales alinunua mashine ya kuuzia sigara. Alitia saini karatasi ya kampuni bila kuisoma. Kwenye karatasi hiyo, kwa herufi ndogo sana, kampuni ilijiondolea dhamana yote. Mashine ikaharibika baada ya siku chache. Mwanamke akaenda mahakamani, na Denning akasimama upande wa kampuni. Hoja yake ilikuwa fupi: aliyetia saini amefungwa na saini yake, awe amesoma au hakusoma. Akashinda.

Wengi kwetu wanaijua hali ya mwanamke yule. Ni karatasi ngapi tunazotia saini dukani, benki, kwenye bima ya gari au mapokezi ya hospitali bila kuzisoma? Denning aliibeba kesi hiyo miaka yake yote. Alipokuwa jaji alitumia muda mwingi kuyabana yale maandishi madogo aliyoyatetea akiwa wakili, hasa pale mwenye nguvu alipoyatumia kumnyima mnyonge haki. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayosema mfanyabiashara hawezi kujivua kwa karatasi au bango dhamana ya kifo au madhara ya mwili yaliyotokana na uzembe wake.

Mwaka 1938 Denning alipandishwa na kuwa wakili wa Mfalme. Mambo ya nyumbani hayakwenda kwa wepesi huo. Alikuwa amemwoa Mary Harvey mwaka 1932, na mwaka 1938 wakapata mtoto wao wa pekee, Robert. Mary alifariki mwaka 1941, wakati Vita vya Pili vikiendelea, akamwachia mtoto mdogo. Mwaka 1945 Denning alioa tena, akaishi na mkewe Joan hadi alipofariki naye mwaka 1992.

MZIGO WA KUTHIBITISHA

Alifanywa jaji mwaka 1944 akiwa na miaka 45. Muda si mrefu akakabidhiwa rufaa za pensheni za vita. Askari waliorudi na vidonda au maradhi, na wajane wa waliokufa, walikuwa wakinyimwa malipo kwa sababu hawakuweza kuthibitisha kwamba jeshi ndilo lililowaumiza. Denning alisisitiza kwamba mzigo wa kuthibitisha si wa askari. Mtu aliyeingia jeshini akiwa mzima akatoka mgonjwa anapaswa kupewa faida ya shaka, na wizara ndiyo ionyeshe kwamba ugonjwa haukutokana na utumishi.

Katika mojawapo ya rufaa hizo, mwaka 1947, alieleza tofauti ya vipimo viwili vya ushahidi. Katika kesi ya jinai mshtaki lazima aondoe shaka yote ya maana. Katika kesi ya madai inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Mawakili wa Mombasa na Nairobi bado wanaitaja hukumu hiyo. Kwa aliyeumia ni habari njema, maana kudai fidia hakumtaki athibitishe kwa kiwango kile kinachotakiwa kumfunga mwizi.

VIDOLE VIWILI VILIVYOKUWA VINNE

Mwaka 1948 Denning alipanda hadi Mahakama ya Rufaa, na huko ndiko alikoibadilisha sheria ya hospitali.

Kwa miaka mingi hospitali za Uingereza zilikuwa na ngao. Hukumu ya mwaka 1909 ilisema kwamba wajibu wa hospitali ni kuchagua madaktari na wauguzi wenye ujuzi na kuwapa vifaa. Wakishaingia chumba cha upasuaji, makosa yao ya kitaalamu ni yao wenyewe. Basi mgonjwa aliyeumizwa alitakiwa amtaje mtu aliyemuumiza. Lakini atamtajaje aliyekuwa amepoteza fahamu mezani? Ngao hiyo ilianza kupasuka mwaka 1942, pale mahakama iliposema halmashauri yenye hospitali inawajibika kwa kosa la mtaalamu wa mionzi aliyeuunguza uso wa mtoto mdogo aliyepelekwa kutibiwa chunjua.

Mwaka 1951 ilikuja kesi dhidi ya Wizara ya Afya. Mtu mmoja alikuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyokakamaa. Alipasuliwa, mkono ukafungwa kwenye banzi kwa takriban wiki mbili. Alilalamika maumivu makali, na hakuna aliyeufungua mkono kuuangalia. Banzi lilipoondolewa, vidole vyote vinne vilikuwa vimekakamaa na mkono haufai kitu. Jaji wa kwanza alimnyima fidia kwa sababu hakuonyesha nani hasa aliyekosea kati ya daktari mpasuaji, daktari msaidizi na wauguzi.

Denning na wenzake waliitengua hukumu hiyo. Denning alisema hospitali inayompokea mgonjwa imechukua wajibu wa kumtibu kwa uangalifu, na haiwezi kuukwepa kwa kumsukumia mtumishi wake. Haijalishi kama aliyekosea ni mpasuaji mkuu au muuguzi wa zamu, maadamu ni hospitali iliyomwajiri na si mgonjwa aliyemchagua. Na mtu akiingia na vidole viwili vibovu akatoka na vinne, jambo lenyewe linadai maelezo. Hospitali ndiyo isimame ieleze, si mgonjwa.

Kwa hukumu hiyo mgonjwa maskini aliacha kuwa mtu wa kuhangaika kutafuta jina. Kila familia ya kwetu inayodai kwa niaba ya mama aliyeumia wodi ya uzazi, na kuishtaki hospitali badala ya kumtafuta daktari mmoja mmoja, inapita njia iliyofyekwa pale.

KUWALINDA MADAKTARI PIA

Hata hivyo Denning hakuwa adui wa madaktari, na msomaji wa haki lazima aelezwe upande huo pia.

Mwaka 1954 waliletwa mbele yake wanaume wawili waliopooza kuanzia kiunoni. Wote walichomwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo siku moja ya mwaka 1947, katika hospitali moja ya Chesterfield. Dawa ile iliwekwa katika vichupa vya kioo, na vichupa vikalowekwa ndani ya fenoli ili kuua vijidudu. Ilielezwa mahakamani kwamba kioo kilikuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho, fenoli ikapenya na kuchanganyika na ganzi. Hatari hiyo haikujulikana kwa madaktari wakati ule. Ilikuja kuandikwa katika kitabu cha utaalamu baadaye. Mahakama ikawanyima fidia. Denning alisema ajali ya 1947 haiwezi kupimwa kwa elimu ya 1954, na kwamba hospitali zikishtakiwa kwa kila bahati mbaya, madaktari watafikiria usalama wao kabla ya ule wa mgonjwa.

Hukumu hiyo ni ngumu kuisoma. Watu wawili wazima waliingia kwa upasuaji wa kawaida, wakaishi maisha yao yaliyobaki bila miguu na bila fidia. Lakini ilifundisha jambo ambalo bado ni msingi: sheria ya uzembe hailipi kila msiba. Inalipa pale mtu alipofanya kinyume na uangalifu uliotarajiwa kwake kwa elimu ya wakati wake.

Mwaka huo huo aliongoza kesi ya mwanamke aliyepoteza sauti yake nzuri baada ya kupasuliwa tezi ya shingo. Alikuwa akisema redioni mara kwa mara, na alidai daktari alimhakikishia hakuna hatari. Denning aliwaelekeza wazee wa baraza kwamba daktari anaweza kukosa kumwambia mgonjwa kila kitu kwa ajili ya kumtuliza, na daktari akashinda. Leo mahakama za Uingereza zimeliacha wazo hilo. Tangu mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya kule inasema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari zenye uzito kwake, aamue mwenyewe.

Kisha ikaja kesi ya mtoto aliyezaliwa Birmingham mwaka 1970 akiwa na madhara ya ubongo, baada ya daktari kujaribu kumvuta kwa koleo la kuzalishia. Jaji wa kwanza alimpa mtoto pauni 100,000. Denning na mwenzake mmoja waliitengua hukumu hiyo, wa tatu akipinga. Denning alisema kosa la daktari katika kukadiria si uzembe. Baraza la Malodi lilikubali kwamba ushahidi haukutosha, lakini likamsahihisha kwa neno hilo. Kosa la kukadiria linaweza kuwa uzembe au lisiwe, kipimo ni kama daktari mwenye ujuzi wa kawaida na mwangalifu angelifanya.

BARABARANI

Kesi za barabara zilimpitia kwa wingi, na mbili zina funzo kwetu tunaoishi na matatu na bodaboda.

Ya kwanza ni ya mwanamke aliyelala kwenye nyasi za hoteli akiota jua, gari likapita juu ya miguu yake. Alikaa zaidi ya miaka 3 bila kufungua kesi. Sheria ilisema madai ya uzembe uliomuumiza mtu yafunguliwe ndani ya miaka 3. Mawakili wake walijaribu mlango mwingine wenye muda mrefu zaidi. Mwaka 1964 Denning aliufunga mlango huo: aliyeumizwa bila kukusudiwa anadai kwa uzembe tu, na muda wake ni ule ule. Sheria ya Kenya nayo kwa kawaida inatoa miaka 3, na ukiishtaki serikali ni miezi 12 tu. Wangapi kati yetu wamekaa wakingoja ahadi za mwenye gari mpaka mlango ukafungwa?

Ya pili ni ya familia iliyosimama kando ya barabara mashambani kunywa chai. Mama alikuwa amevuka ng'ambo kuchuma maua na mtoto mmoja. Gari lililopasuka gurudumu likaivamia familia iliyobaki, likamuua mumewe na kuwajeruhi watoto, yeye akiona yote. Hakuguswa mwili, lakini akili yake haikurudi kama zamani. Mwaka 1970 Denning na wenzake waliithibitisha fidia yake ya pauni 4,000. Sheria hailipi huzuni ya msiba, maana kila mtu hufiwa. Lakini ugonjwa wa akili ulioletwa na mshtuko wa kuona ni jeraha kama majeraha mengine.

DARAJA LETU

Sasa turudi nyumbani. Wazee wa Kongowea wanalikumbuka daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931, lililounganisha kisiwa cha Mombasa na bara ya kaskazini mpaka daraja la sasa la saruji lilipofunguliwa mwaka 1980. Lilijengwa na kampuni ya Nyali kwa makubaliano na serikali ya kikoloni, na anayevuka alilipa ada. Ugomvi ulizuka kuhusu magari ya jeshi: je, nayo yalipe? Shauri likasafiri hadi Mahakama ya Rufaa ya London.

Ukanda wa pwani wakati huo ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, na chini ya Waingereza kwa utawala. Basi majaji walilazimika kuuliza swali kubwa zaidi ya ada: sheria ya Uingereza inatumikaje mahali kama Mombasa? Denning alilijibu kwa mfano wa mti wa mwaloni. Huwezi, alieleza, kuuchukua mti huo kutoka ardhi ya Uingereza ukaupanda Afrika ukitegemea uwe na sura ile ile. Utakua, ila unahitaji kutunzwa na kupogolewa kulingana na udongo wake mpya. Na kazi hiyo lazima ifanywe na watu wa huko, ili wapate sheria wanayoielewa na kuiheshimu.

Lilikuwa jambo kubwa kusemwa na jaji wa London mwaka 1955, wakati Kenya ikiwa katika hali ya hatari na makambi ya kizuizini yamejaa. Wakati ule Mwafrika aliyetaka kuwa wakili ilimbidi asafiri hadi Uingereza au nchi nyingine ya mbali, akae miaka, ajifunze sheria ya ardhi ya Waingereza, kisha arudi kwenye kesi za shamba na mirathi za kwetu.

Mwaka 1960 Denning aliwekwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Ripoti yake ya 1961 ilipendekeza mawakili wa Afrika wafundishwe Afrika. Mwaka huo huo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango kwa kitivo cha sheria, kikiwa na wanafunzi wachache katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na Wakenya, Waganda na Watanganyika wakasoma pamoja. Shule ya Sheria ya Kenya ilianzishwa mwaka 1963 katika mkondo huo huo. Mawakili wengi waliowatetea watu wetu miaka ya baadaye walipitia milango hiyo.

MAHALI ALIPOKOSEA

Tusimfanye malaika. Alipokuwa mkuu wa Mahakama ya Rufaa upande wa madai, kuanzia 1962 hadi 1982, alipata sifa nyingi na pia lawama nzito.

Mwaka 1980 wanaume sita waliofungwa kwa mabomu ya Birmingham walitaka kuwashtaki polisi, wakidai walipigwa wakiwa kizuizini. Ilikuwa kesi ya madhara ya mwili, ya aina aliyoijua maisha yake yote. Aliizuia isisikilizwe. Mojawapo ya sababu zake ni kwamba wakishinda, itamaanisha polisi walisema uongo na watu wasio na hatia wamefungwa, na hilo hakuweza kulitazama. Mwaka 1991 hukumu za watu hao sita zilifutwa. Walikuwa wamekaa ndani miaka 16.

Mwaka 1982 aliandika katika kitabu chake maneno yaliyoonyesha kwamba baadhi ya weusi hawafai kuwa wazee wa baraza mahakamani. Watu waliohusika walitishia kumshtaki, kitabu kikaondolewa madukani, naye akaomba radhi na kustaafu mwaka huo huo. Mtu aliyesema Waafrika wautunze mti wao wenyewe alishindwa kuwaamini weusi waliokaa karibu naye.

Alirudi Whitchurch, mji aliozaliwa, ambako alikuwa amenunua nyumba kando ya mto, na hakuhama tena. Alifariki tarehe 5 Machi 1999, wiki chache baada ya kutimiza miaka 100, akazikwa huko huko nyumbani.

TUNACHOBAKI NACHO

Kutoka maisha haya marefu tunachukua jambo moja. Aliyeumizwa na uzembe wa mwingine asiachwe abebe mzigo peke yake, lakini haki hiyo haijileti yenyewe. Inahitaji mtu wa kuisimamia, anayeijua sheria, anayewajua watu, na asiyeogopa ukweli hata ukiwaelekea wakubwa. Denning alikuwa mtu huyo mara nyingi, na siku nyingine hakuwa. Ndiyo maana hatuwezi kutegemea wema wa jaji mmoja wa mbali.

Mfuko wa basari wa chama chetu unasomesha watoto wa Kongowea, Kisauni na Nyali ambao wazazi wao, kama yule muuza vitambaa wa Whitchurch, hawana uwezo wa karo ya chuo. Kati yao wapo wanaotaka kuwa wauguzi, madaktari na mawakili. Tunawahitaji wote: wa kututibu kwa uangalifu, na wa kusimama mbele ya jaji pale uangalifu unapokosekana. Fomu ya mchango imeambatanishwa na kitabu hiki. Isome mpaka mwisho, ndipo utie saini. Haba na haba hujaza kibaba.